Kasi Kubwa, Foleni Ndefu
Katika mitandao ya simu ya kizazi cha tano inayotumia mawimbi ya milimita, yaani mawimbi ya redio ya masafa ya gigahezi 24 na zaidi, ucheleweshaji, ambao ni muda unaopita tangu data itumwe hadi ipokewe, hautokani hasa na safari ya angani, kwa kuwa wimbi hukata mita 300 kwa takriban sehemu moja ya milioni ya sekunde. Tatizo ni foleni. Wimbi la gigahezi 28 lina urefu wa takriban milimita 11, nalo huzuiwa na ukuta, hata na kiganja cha mwenye simu. Mawasiliano yanapokatika ghafla, pakiti, yaani vifurushi vidogo vya data, hurundikana mnarani zikisubiri antena itafute mwelekeo mwingine wa kurusha mawimbi.

Ndiyo maana wastani, kipimo kinachopendwa mno na matangazo ya biashara, hupotosha, kwani huficha pakiti chache zilizokwama kwa muda mrefu, na hizo ndizo zinazoweza kusimamisha roboti kiwandani. Kwa huduma nyeti kama hiyo, viwango vya kimataifa vililenga pakiti ya baiti 32 ifike ndani ya milisekunde moja kwa uhakika wa asilimia 99.999, lengo ambalo kupanua masafa pekee hakulifikii. Kuiunganisha simu na minara miwili kwa wakati mmoja husaidia zaidi, ingawa minara hiyo lazima isogezwe karibu, na gharama kupanda.