JIWE LA KIBRA LIANDIKWE MAJINA

Haya ni maneno aliyoyasema mzee mmoja wa Makina, Kibra, katika mkutano wa wanachama na wapenzi wa chama mjini Nairobi. Tunayapiga chapa kama alivyoyasema.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti:

Nimeitwa niseme habari ya jiwe. Vijana wa kijiji chetu wanataka kusimamisha jiwe la ukumbusho wa askari waliofyeka msitu wa Kibra wakaufanya kwao. Shauri hili limeleta maneno mengi. Juzi ndugu mmoja mwanachama alinishika mkono nje ya msikiti, akaniuliza, "Mzee, sisi ni chama cha wananchi. Mbona wewe wataka tuwakumbuke askari wa Mwingereza?" Sikumjibu pale pale, maana swali lake ni la haki na halijibiwi kwa kusimama njiani. Nitamjibu leo mbele yenu, naye namwona amekaa pale. (Kicheko)

Wazee wetu walitoka Sudani. Walikuwa askari wa Misri chini ya Emin Pasha, huko Equatoria. Uasi wa Mahdi ulipowakatia njia ya kurudi kwao, walibaki kama watu waliosahauliwa karibu na Ziwa Albert, na mwaka 1891 Kapteni Lugard akawafuata huko akawatia katika kazi yake. Mwaka 1897 baadhi yao walimwasi Mwingereza. Sababu zilikuwa mshahara mdogo na safari zisizokwisha, tena waliamriwa kwenda safari nyingine ya mbali bila ya wake zao. Mambo haya ya mshahara na ya nyumba ndiyo yanayoleta mgomo hata leo, wala tusifikiri wazee wale walikuwa watu wa ajabu wasiojua uchungu.

Mwaka 1902 Mwingereza akaunganisha vikosi vyake vyote vya huku akaviita King's African Rifles, ambalo sisi tulilitamka Keya. Mwaka 1904 askari wa Keya waliomaliza kazi wakaruhusiwa kukaa kando ya mji mpya wa Nairobi, pale palipokuwa msitu. Katika Kinubi msitu ni kibra, na jina la mahali ni hilo. Mwaka 1918 Serikali ikatangaza katika Gazeti lake kwamba ekari 4,197 za mahali pale ni mali ya jeshi. Mzee akimaliza miaka yake ya bunduki hupewa ruhusa ya kujenga na kulima. Pensheni hakuna. Shamba ndilo pensheni yake.

Sasa, ndugu zangu, neno langu la leo limo katika karatasi ile ya ruhusa. Iliandikwa kwamba mtu huyu anaruhusiwa kukaa. Haikuandikwa kwamba ardhi hii ni yake.

Tazameni mwaka uliofuata. Mwaka 1919 Serikali ilitangaza mpango wa kuwapa mashamba askari waliorudi kutoka Vita Kuu. Hapa Nairobi kura zilipigwa katika jumba la Theatre Royal, nyingine zikapigwa London. Askari Mzungu akitajwa jina lake, anapata shamba katika nchi ya juu lenye hati ya miaka 999. Sehemu moja ya ardhi ile ilikatwa katika nchi ya Wanandi, na Wanandi wenyewe walikuwa wametoa vijana wao kwenda vitani. Askari Mwafrika hakuwa na jina katika pipa la kura. Vita ni ile ile. Mmoja akapewa miaka 999, mwenzake akapewa ruhusa.

Mwaka 1928 jeshi likaikabidhi Kibra kwa maofisa wa raia, na hapo ndipo wazee walipoanza kuambiwa kwamba wao ni wapangaji kwa ridhaa ya Serikali, yaani wanakaa mpaka mwenye mali atakapochoka nao. Tume ya Ardhi ya Bwana Carter, mwaka 1933, ilisema vivyo hivyo, ingawa ilikiri kwamba Serikali ina deni kwa watu hawa.

Na mwaka ule ule wa 1928 ndipo ilipofunuliwa sanamu ya Waafrika waliopigana Vita Kuu, katika barabara ambayo leo ni Kenyatta Avenue. Kila mmoja wenu ameiona. Ni watu watatu wa shaba nyeusi, na mmoja wao ni mpagazi. Dar es Salaam waliwekewa ya kwao mwaka 1927, na Mombasa wanayo. Maneno yaliyochorwa chini yake yalitungwa na Bwana Rudyard Kipling, mtungaji mashuhuri wa Uingereza, nayo yanaahidi kwamba mtu akifa kwa kuipigania nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake.

Zungukeni sanamu ile mkitafuta jina. Mimi nimeizunguka tangu utotoni. Nilipokuwa mdogo bibi yangu alinipeleka mjini kununua kitambaa, tukapita pale, nami nikamwuliza yupi ni babu. Akanijibu kwa Kinubi kwamba babu yangu alikuwa mfupi na hakuwa na sura nzuri namna ile. (Kicheko) Alisema kwa mzaha, lakini tulipofika Toi nilimwona anafuta macho kwa ncha ya kanga.

Majina hayamo hata moja, wala hayakusahauliwa kwa bahati mbaya. Mwezi wa Aprili 2021 Halmashauri ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa na kuomba radhi. Ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, waliokufa katika Vita Kuu ile hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Taarifa ile ilifunua pia barua za zamani. Gavana Byatt wa Tanganyika aliona afadhali makaburi makubwa ya wapagazi, ya Dar es Salaam na kwingineko, yaachwe upesi yarudi kuwa pori, wala hakupenda hata kuitazama hesabu ya waliokufa.

Wapagazi hao ndio watu wa Kariakoo. Mtaa wa Kariakoo kule Dar es Salaam, na Kariokor yetu hapa Nairobi, majina yake ni Carrier Corps katika kinywa cha Mswahili. Mwingereza alitaka pori lifunike, wauza ndizi na mitumba wakalishika jina kwa miaka mia bila ya kujua kwamba wanafanya kazi ya ukumbusho. Wakamba, Wakikuyu, Waluo, Waluhya, Wagiriama, Wanyamwezi, wote walibeba. Sheria ya mwaka 1915 iliwashika kwa nguvu kama mbuzi wa kodi. Njaa, kuhara na malaria viliwaua kuliko risasi.

Nendeni pia Ngong Road, kwenye makaburi ya vita vya pili. Kutoka Makina ni mwendo wa miguu tu. Mtaona majani yamekatwa vizuri, na kila kaburi lina jiwe lake na jina lake, Mwafrika na Mzungu. Kwa hiyo mnaona kwamba kuandika jina la Mwafrika kuliwezekana. Vita vya kwanza hawakutaka.

Sasa namjia ndugu yangu wa msikitini. Alichosema ni kweli. Keya haikuundwa kupigana na Mjerumani. Iliundwa kutuweka sisi chini. Mwaka 1905 Keya iliingia nchi ya Wanandi, na katika vita vile ndipo Koitalel arap Samoei alipouawa kwa hila, ameitwa katika mazungumzo ya amani. Mwaka 1914 Keya ilipigana na Wagiriama. Bunduki zile zilishikwa na nani? Zilishikwa na babu zangu, na babu zenu wengine mliomo humu. Siwezi kusimama hapa nikasema kwamba mikono ile ilikuwa safi.

Lakini ikiwa tutamsahau kila mtu aliyetumiwa na mkoloni, tutabaki na nani? Waruhiu Itote alikuwa askari wa Keya huko Burma kabla ya kuwa Jenerali China wa msituni. Bildad Kaggia alivaa nguo za jeshi la Mwingereza, akafika mpaka Uingereza, akarudi kuwa mpiganiaji wa ardhi na wa wafanya kazi. Walikwenda wakiwa watumwa wa amri, wakaona Mzungu anavuja damu na anaogopa kama mtu mwingine, wakarudi na akili nyingine. Wengine hawakurudi na akili nyingine, walirudi na nishani na kifua kibovu. Wote ni watu wetu.

Kwa hiyo shauri langu ni kwamba jiwe la Kibra lisiwe jiwe la sifa. Liseme mambo kama yalivyokuwa. Liseme kwamba askari hawa walitolewa kwao, wakatumiwa dhidi ya Wanandi na Wagiriama na wengine, wakapelekwa Tanganyika kupigana na Mjerumani, wakapelekwa Abyssinia na Burma, na mwisho wakapewa ruhusa ya kukaa msituni. Najua mzee mmoja wa kamati yetu hapendi habari ya Nandi iingizwe. Anasema jiwe la msiba halitaji makosa ya marehemu. Namheshimu, ni mkubwa kwangu, lakini katika hili sikubaliani naye. Siku moja mtoto wa Nandi atapita Makina. Akisoma jiwe linalomficha babu yake, atalitemea mate, nami sitamlaumu.

Tena wake wa askari waandikwe. Katika Keya mwanamke wa Kinubi alifuata kikosi, akipika, akibeba mtoto na chungu, akizika mume na kuendelea na safari. Hao ndio waliojenga nyumba za Kibra na kufuma tabaga zile mnazonunua mkijidai ni mapambo tu. (Makofi)

Liko na swali la ni majina ya nani. Kibra ya leo si ya Wanubi peke yao. Laini Saba, mahali palipokuwa shabaha za jeshi, leo pana watu wa kila kabila la Kenya. Vijana wengine wa kwetu wanasema jiwe ni la Wanubi tu, kwa sababu wanaogopa kwamba jina la mgeni likiingia katika jiwe, litaingia na katika ardhi. Hofu hii naielewa, maana imetufundisha maisha. Katika ekari 4,197, ile hati tuliyopewa mwezi wa Juni 2017, baada ya miaka mia na zaidi ya kuomba, ilikuwa ya ekari 288. Haikufika sehemu moja katika kumi na nne. Na kabla ya hati hiyo tulikwenda kudai mpaka mbele ya vyombo vya Afrika nzima: mwaka 2011 kwa ajili ya watoto wetu waliokuwa wanakua bila ya kutambuliwa kuwa raia, na uamuzi wa mwaka 2015 uliosema kwamba haki zetu, pamoja na haki ya mali, zimevunjwa. Serikali iliyovunja haki hizo ilikuwa ni Serikali ya wananchi. Mkoloni alikuwa amekwenda zake zamani. Naomba gazeti lisilifute neno hili.

Hata hivyo nawaambia vijana: hati ina ukubwa wake na jiwe lina ukubwa wake. Mjaluo wa Kisumu Ndogo ambaye babu yake alikufa amebeba sanduku la risasi za babu yangu, huyo si mgeni katika jiwe. Babu hao wawili walikuwa pamoja njiani. Tuandike wote.

Wengine watasema majina yamepotea. Mwezi wa Januari 2025, huko Cape Town, ulifunuliwa ukumbusho wa Waafrika 1,772 waliokufa wakifanya kazi za vita vile vya kwanza bila ya kukumbukwa, na kila mmoja amewekewa nguzo ya mti yenye jina lake. Majina yalipatikana kwa sababu watu walikwenda wakafungua vitabu vilivyofunikwa na vumbi. Sisi tuna vitabu, tena tuna wazee. Katika kila nyumba ya Makina, Lindi na Kambi Muru yupo mama anayejua namba ya jeshi ya baba yake kuliko anavyojua namba ya simu ya mwanawe. Mwulizeni upesi, kabla hajaondoka nayo.

Kuhusu gharama sina mengi. Simenti ipo, fundi ni mtoto wetu, anataka chakula tu. Tusikubali mtu mkubwa alipie jiwe lote, maana atataka jina lake liwe la kwanza na kwa herufi kubwa. (Kicheko na makofi)

Basi, Ndugu Mwenyekiti, nimeleta daftari. Ukurasa wa kwanza nimeandika jina la babu yangu, na la bibi yangu chini yake, na mahali walipozikwa. Babu ana kaburi. Nduguye hana, aliachwa njiani upande wa Ruvuma, nami nimeandika hivyo hivyo. Daftari litakaa kwa Katibu, mlangoni, kila Jumamosi baada ya adhuhuri. Asiyejua kuandika aje aseme, yupo binti atakayemwandikia. Ajaye alete jina, alete kijiji alichotoka mtu huyo, na akijua alikofia aseme. Kama ana karatasi ya zamani, ruhusa ya shamba au kipande cha jeshi, asituachie. Atuonyeshe tu, tuinakili mbele yake, arudi nayo nyumbani.