Mashine ya Majani Isiyokata Vizuri

Katika nyanda za juu za Kenya wako wafugaji wa ng'ombe wa maziwa ambao hukatisha malisho yao kwa mashine ya visu vya kuzunguka, ile ifungwayo nyuma ya trekta. Kazi yake ni kuondoa mabua makavu yaliyokataliwa na ng'ombe, na kukata magugu kabla hayajatoa mbegu. Mfugaji asiye na trekta hulipia kazi hiyo kwa eka. Trekta likiisha kupita, naye akakuta majani yamelazwa tu bila kukatwa, na magugu yamesimama na vichwa vyake, hapo ndipo maneno huanza. Dereva husema visu vimekwisha; mwenye trekta husema dereva hajui kazi; na mwenye shamba huuliza fedha zake zimekwenda wapi, maana magugu yale yatamwaga mbegu na msimu ujao yatakuwa mengi zaidi.

Kabla ya mtu kulaumiwa, na kabla ya kisu kipya kununuliwa, yafaa shamba lenyewe litazamwe, kwa kuwa majani hutoa ushahidi. Mstari usiokatwa ukifuata njia ya magurudumu, kosa si la visu: magurudumu yameyalaza majani, nayo hayakupata nafasi ya kuinuka kabla ya kisu kufika. Mstari ukiwa kando, kati ya mpito mmoja na mwingine, mara nyingi dereva ameacha nafasi mno, au ncha za visu zimelika. Majani yakiwa marefu upande mmoja na mafupi upande wa pili, mashine imelala upande. Na ncha za majani zikichanika kama kamba iliyokatwa kwa jiwe, kisha zikageuka nyeupe baada ya siku moja au mbili, visu ni butu au vinazunguka polepole.

Mwendo wa visu ndio wa kuchunguzwa kwanza, kwa kuwa hauna gharama. Mashine nyingi za namna hii hutaka shafti ya nyuma ya trekta, ambayo mafundi huiita PTO, izunguke mara 540 kwa dakika. Kitabu cha trekta, au alama katika saa ya injini, huonyesha injini iende kwa kasi gani ili kufikia hesabu hiyo. Hapo ncha za visu vyenye duara la mita 1.5 huweza kupita kasi ya kilometa 200 kwa saa, na kasi hiyo ndiyo ikatayo, maana jani halishikwi na kitu. Tena katika mashine nyingi visu hufungwa kwa bolti moja moja ili viweze kukunjika vikigonga kisiki, na ni nguvu ya kuzunguka tu inayovinyosha. Dereva anayepunguza moto wa injini ili kuokoa mafuta hupoteza vyote viwili. Akiona majani ni mazito, na ashushe gia, trekta litembee kwa mwendo wa mtu anayekwenda kwa miguu, lakini injini isipunguzwe. Mambo haya mawili huchanganywa mara nyingi sana, hata na madereva wa miaka mingi.

Kama injini inakwenda sawa na visu bado ni vivivu, klachi ya mashine huenda inateleza. Dalili zake ni harufu ya kuungua na joto jingi. Isikazwe kwa kubahatisha. Ikikazwa kupita kiasi haitateleza siku ya kugonga kisiki, na kitakachovunjika ni sanduku la gia.

Baada ya hayo ndipo visu vitazamwe, na hapa pana hatari ya kifo. PTO iondolewe kazini, injini izimwe, ufunguo utiwe mfukoni, na visu visubiriwe mpaka visimame kabisa. Kisha mashine iwekwe juu ya magogo imara. Mtu asiingie chini yake kwa kutegemea mikono ya trekta peke yake: mpira wa mafuta ukipasuka, au mtoto akigusa mkono wa kushushia, mashine itaanguka juu yake.

Kisu kinolewe upande ule ule ulionolewa kiwandani, na kisifanywe chembamba kama wembe, kwa sababu makali ya namna hiyo hupinda upesi. Unene wa milimita 1.5 hivi katika makali watosha. Visu vyote vipunguzwe kwa kiasi kimoja, na kikibadilishwa kimoja, na mwenziwe abadilishwe, la sivyo mashine itatetemeka na kula beringi. Itazamwe pia kama kisu kimefungwa kinyume, kikapiga majani kwa mgongo, jambo ambalo hutokea zaidi ya inavyodhaniwa. Kisu kilichokunjwa na kutu au kamba iliyojizungusha hakitanyoka hata injini ikiunguruma namna gani. Majani mabichi yaliyogandamana chini ya bati nayo yakwanguliwe.

Mwisho ni usawa. Trekta lisimamishwe mahali tambarare, upepo wa magurudumu ukiwa sawa, na mashine ipimwe kwa futi ya fundi. Kushoto na kulia ziwe sawa; mbele iwe chini kidogo kuliko nyuma, sentimita 1 hadi 2. Nyuma ikiwa chini, majani hukatwa mara mbili na trekta huchoka bure. Kulia na kushoto hurekebishwa kwa mkono wa kuinulia, mbele na nyuma kwa mkono wa juu.

Huko Naivasha na Gilgil, ambako visiki vya leleshwa hujificha majanini, mashine isishushwe mpaka chini, na shamba litembelewe kwa miguu kwanza. Jiwe lililopigwa na kisu huweza kuruka mita nyingi, kwa hiyo wachungaji na watoto wakae mbali. Kisha dereva akate hatua ishirini tu, asimamishe trekta na injini, ashuke, akatazame majani kabla hajaendelea na eka iliyobaki.