Tuijue Sumu Kabla Haijaingia Nyumbani

Hotuba ya Afisa Afya wa Wilaya kwa wenyeviti wa vijiji na mitaa na wapuliziaji dawa



Mwenye nyumba amwitapo fundi wa kuua kunguni au mende, huuliza bei na siku. Ni nadra kuuliza dawa itakayotumika. Leo nawaomba tuizoee desturi ya kuuliza.

Dawa nyingi zinazopulizwa majumbani ni za jamii ya pairethroidi, kama saipamethrini na deltamethrini. Ziliundwa kwa kuiga sumu ya asili ya ua la pareto, zao la Nyanda zetu za Juu Kusini. Zikitumiwa kwa kipimo, madhara yake kwa binadamu ni madogo, ila ni hatari kwa samaki, nyuki na paka. Kwa mende, chambo cha jeli kilichopakwa nyuma ya kabati mara nyingi chatosha bila kupuliza chumba kizima.

Hatari kubwa iko kwenye vidonge vya aluminiamu fosfidi. Hivi vimetengenezwa kwa ajili ya nafaka iliyofunikwa ghalani, wala si kwa kunguni chumbani. Vikikutana na unyevu hutoa gesi ya fosifini, ambayo hadi leo haina dawa mahususi ya kuipinga mwilini. Gesi hiyo hupenya nyufani, chini ya milango na juu ya kuta zisizofika paa. Katika nyumba ya kupanga yenye paa moja na vyumba sita, anayefukiza chumba chake amemfukiza na jirani aliyelala na watoto wake.

Kwa hiyo, kabla ya kazi kuanza, mwananchi aulize mambo matatu. Kwanza, fundi ana kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020? Pili, dawa imo katika chombo chake chenye lebo? Iliyohamishiwa kwenye chupa ya maji ikataliwe. Tazameni pia ukanda wa rangi: nyekundu ni sumu kali, ikifuatiwa na njano, buluu na kijani. Tatu, tukae nje kwa saa ngapi, na nani mwingine atoke?

Atakayetapika, kubanwa kifua au kupumua kwa shida atolewe kwenye hewa safi na kukimbizwa hospitali pamoja na lebo ya dawa. Asicheleweshwe kwa kunyweshwa maziwa, hayaondoi sumu.

Ndugu wapuliziaji, kazi yenu ni ya heshima. Mkimkatalia mteja anayetaka vidonge vya ghalani, mtakuwa mmeokoa nyumba nzima. Nanyi Wenyeviti, ufukizaji ukifanyika mtaani, hakikisheni majirani wote wamearifiwa kabla.