Picha ya Sufuria, Hadithi na Gitaa



Tulipoanza kazi hii hapa Baraka tulidhani picha zitatosha. Wapi! Mama mmoja, aliyerudi toka Lugufu kwa boti kabla kambi ile kufungwa mwaka 2009, alikataa kabisa kupigwa sura. «Mmeshanipiga picha za karatasi mara ngapi? Pigeni sufuria.» Basi tukapiga sufuria, ile aliyovuka nayo ziwa, imezibwa tundu mara mbili.

Kijana wa jirani akaiandikia hadithi ya sentensi nne: sufuria inauliza ni nani sasa anayepikia kwenye mafiga yake. Mpiga gitaa akaweka muziki chini ya maneno, polepole tu.

Siku ya kuonyesha, wale wanaokaa kwenye parseli ya mama walikuwepo. Hawakusema kitu. Kesho yake wakamwita waongee. Msifikiri yamekwisha, bado wanaongea.

Wafadhili wetu, mlituomba sura za watu. Tunawaletea sufuria na gitaa lake. Sura ni ya mama, ataamua mwenyewe.

Jumapili tunaendelea. Kila mtu aje na chombo chake.