MAUMIVU YA MWEZI NA DAFTARI LA MAHUDHURIO

(Hotuba ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika kwa makatibu na wanachama, Nyabiyonza)



Mmezoea kuniona nikikagua mizani, stakabadhi na vitabu vya fedha. Leo naomba tulitazame daftari la mahudhurio. Humo huonekana jina la mwanamke aliyekosa kazi siku mbili au tatu kila mwezi, na pembeni pameandikwa "mvivu". Neno hilo huandikwa upesi mno.

Upo ugonjwa uitwao endometriosisi. Nyama laini zinazofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje ya mfuko huo, kwenye ovari, mirija, hata matumbo. Hedhi ifikapo, nazo huvuja damu isiyo na njia ya kutokea, zikaacha makovu na kugandamanisha viungo. Ndipo huja maumivu makali ya hedhi, maumivu wakati wa tendo la ndoa au haja kubwa, uchovu, na kwa wengine kukosa mimba.

Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa mwanamke mmoja kati ya kumi wenye umri wa kuzaa anao. Jumla yao milioni 190. Kwa kadirio hilo, chama chenye wanawake 80 wa umri huo kina wagonjwa wapatao wanane. Kuutambua huchukua miaka 4 hadi 12.

Zamani madaktari walifundishwa kuwa huu ni ugonjwa wa wanawake wa Kizungu wenye nafasi. Mwaka 1976 Daktari Donald Chatman wa Chicago aliwachunguza wagonjwa wake weusi kwa chombo cha kuchungulia tumboni, akaukuta kwa zaidi ya mmoja kati ya watano. Wengi walikwisha kuambiwa kuwa wana maambukizo ya nyonga. Fikirini ugomvi ambao jibu kama hilo huzua nyumbani!

Hapa kwetu Millen Magese, Miss Tanzania wa mwaka 2001, aliueleza ugonjwa wake hadharani. Mwaka 2017 alijifungua mtoto wa kiume. Kenya ilimpoteza mtangazaji Jahmby Koikai mwezi Juni 2024, baada ya ugonjwa huo kumfikia hata mapafuni.

Dawa ya kuuponya kabisa haijapatikana. Hata hivyo dawa za maumivu, vidonge vya homoni na upasuaji huleta nafuu. Picha ya ultrasaundi ikitoka safi, haimaanishi kuwa ugonjwa haupo. Mgonjwa aombe rufaa kwa daktari wa wanawake. Nanyi waume, msiwaachie wake zenu safari hiyo peke yao. Fedha ya kahawa ni ya nyumba nzima.

Naziomba kamati zisimtoze mwanamke faini ya kukosa kazi kabla ya kumsikiliza, naye asikilizwe faraghani na mwanamke mwenziwe. Ombi la mkopo wa matibabu lisisubiri mwisho wa msimu.

Makatibu wenye madaftari ya msimu uliopita wabaki baada ya mkutano, tuyapitie pamoja.