KUCHAGUA MBINU YA KUFUNDISHA NI KAZI YA MWALIMU

(Maneno haya yalisemwa mbele ya mkutano wa walimu wa shule za msingi wa Meru na Embu. Twayapiga chapa kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.)



Nimeombwa niseme habari ya mbinu za kufundisha. Najua wengine mlitumaini kusikia habari za mishahara. Hizo zitakuja mchana, na Katibu atazieleza. Lakini nisikilizeni kwanza, kwa kuwa mwalimu asiyeruhusiwa kuchagua namna ya kufanya kazi yake ni kama fundi aliyenyang'anywa vyombo. Na aliyeruhusiwa, naye asichague, huyo amejinyang'anya mwenyewe.

Nianze na shamba, maana wengi wetu hapa ni wakulima pia. Mtu akishuka kutoka msitu wa Mlima Kenya hupita kwanza kwenye chai, kisha kahawa, kisha mahindi na maharagwe, hata afike Mbeere au Tharaka penye mtama na ndengu. Mkulima wa Siakago hapandi chai kwa sababu tu imestawi Rukuriri. Hutazama kwanza udongo wake na mvua yake. Lakini sisi walimu mara nyingi tumepewa mbegu moja kwa nchi nzima, na isipoota tumelaumiwa sisi.

Wazee wetu waliyaona hayo. Mwaka 1957 serikali ilifungua kituo maalum mjini Nairobi cha kutengeneza masomo ya kufundishwa kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Mpango ule ulianzia katika shule za watoto wa Kihindi mjini, chini ya uangalizi wa karibu. Katika miaka ya 1960 ukaenezwa upesi katika shule za Waafrika, ukijulikana kwa jina la New Primary Approach. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 nayo ikaunga mkono Kiingereza. Mpango ulikuwa na mema yake: mtoto hakukaa kama gunia akikariri, bali alishika vitu, alisema, alifanya kazi pamoja na wenzake. Lakini ulienea kwa haraka kuliko mafunzo ya walimu. Mwaka 1976 Kamati ya Gachathi ikapendekeza kwamba madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya mahali pale shule ilipo.

Basi tusiseme kwamba vikundi ni vibaya, au kwamba kukariri ni kuzuri. Tuseme hivi: mbinu njema ikipelekwa mahali bila vyombo vyake, haifanyi kazi.

Nami pia nimekosa. Siku moja nilifundisha kugawanya kwa vikundi, kwa kuwa nilijua mkaguzi anakuja na vikundi humpendeza. Watoto walikuwa 60, vikundi kumi. Katika kila kikundi mtoto mmoja hodari aligawanya maharagwe, na watano walimtazama. Mkaguzi alifurahi. Alipokwisha kuondoka niliwauliza watoto watano wa nyuma, mmoja mmoja, wagawanye 24 kwa 4. Hakuna hata mmoja aliyeweza. Kesho yake nilianza mwenyewe ubaoni, wote wakitazama. Kisha nikawapa watoto wawili wawili maharagwe 24, wayagawe mafungu mawili, matatu, manne, hata sita, kwa zamu, huku mmoja akihesabu na mwenzake akiandika. Maharagwe 720 tu, yasiyojaza hata debe. Siku ile walio wengi walielewa.

Kwa hiyo nawapa maswali manne ya kujiuliza mtengenezapo andalio la somo:

1. Nataka mtoto aweze kufanya nini mwisho wa kipindi? Kama ni kutamka neno jipya, asikie na kurudia. Kama ni kupima, apime.

2. Mtoto anajua nini tayari? Mtoto aliyewahi kwenda na mama yake kituo cha kuuzia majani ya chai ameiona mizani na kusikia kilo zikitajwa. Yule wa Igembe ameona mafungu ya miraa yakihesabiwa. Anzeni hapo.

3. Anaelewa lugha gani? Kijijini itakuwa Kimeru, Kiembu au Kimbeere. Mjini, mahali ambapo makabila yamechanganyika, huenda ikawa Kiswahili.

4. Watoto ni wangapi, na nina vitu gani? Darasa la 60 si darasa la 25.

Wengine watasema mwongozo wa serikali umekwisha kuamua yote. Mwaka 2015 mpango wa Tusome ulileta kitabu kwa kila mtoto, na mwongozo wenye kueleza kila hatua ya somo. Uliwasaidia watoto wengi kusoma, na walimu wengi pia. Mtaala wa Umilisi, ulioanza katika madarasa ya chini nchini kote mwaka 2019, wataka mtoto atende. Mimi sipingi mwongozo. Huo ni fimbo ya kutembelea, lakini haumwoni mtoto wa nyuma asiyeelewa. Anayemwona ni wewe.

Ndugu walimu, haya yana madai ya pande mbili. Kwa wakubwa wetu twadai: mtupime kwa yale watoto waliyoyajua, si kwa namna tulivyopanga madawati, na mkileta mbinu mpya, leteni na mafunzo, na vitabu, na walimu wa kutosha. Lakini kwetu sisi wenyewe twadai pia. Mwalimu anayesoma daftari la zamani lenye rangi ya chai, mwaka baada ya mwaka, hawezi kusimama na kudai haki ya kuchagua. Haki hiyo ni ya mwenye kufikiri.

Naomba kila tawi lifanye jambo moja muhula huu: walimu wa shule jirani wakutane, mmoja afundishe, wengine watazame, kisha waulizwe watoto watano wa nyuma. Wasimtafutie mwenzao makosa. Watafute walichokielewa watoto.