Sindano au kijiti?

Leo ni uzazi wa mpango, na swali ni lile la kinamama: sindano au kijiti?

Sindano huchomwa kila baada ya miezi 3. Ni ya siri, hakuna kinachoonekana. Lakini ukiiacha, mimba yaweza kuchelewa miezi 10 au zaidi, hivyo mama anayetaka mtoto mwakani afikirie vizuri. Kijiti huwekwa chini ya ngozi ya mkono kwa ganzi, kikakaa miaka 3 au 5 kulingana na aina; kikitolewa, uwezo wa kushika mimba hurudi upesi. Mama anayefuata dagaa visiwani kitampunguzia safari za zahanati. Njia zote mbili hubadili hedhi: matone ya mara kwa mara, au kukoma kabisa. Damu hairundikani tumboni, jamani! Hofu hiyo inawaponza wengi bure.

Zipo pia njia nyingine, kama vidonge. Una shinikizo la damu, au unanyonyesha mtoto mchanga? Mwambie muuguzi kabla hujapewa vidonge. Kitanzi cha shaba, tofauti na vidonge, hakina homoni. Kati ya njia zote, kondomu pekee huzuia pia VVU.

Zahanati za serikali za Musoma, Bunda na Butiama hutoa huduma ya uzazi wa mpango bure. Baba, msindikize mama, mkaulize pamoja.